Ghala la kumbukumbu mtandaoni limekataa kufuta barua yangu ya 2008. Hivi maandishi yangu ni mali ya nani?

#1 Zabibu Kavu
Wakuu habari za mchana. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Mwaka 2008 nikiwa mwaka wa kwanza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nilijiunga na grupu la imeli la kimataifa la watu wa Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Printa ilikuwa imegoma kusomana na kompyuta, nikaandika kuomba msaada. Chini nikaweka sahihi ya kijana anayetaka aonekane mtu: majina matatu, kozi, namba ya simu, sanduku la posta la nyumbani Kondoa. Mjerumani mmoja akanijibu nikasome mwongozo kwanza, nami nikampa maneno yake. Alistahili, hilo sirudi nyuma.

Leo ukiandika jina langu Google, cha kwanza kuja ni hicho. Vyeti havionekani, kazi zangu hazionekani, inaonekana printa. Nimewaandikia wenye ghala linalohifadhi barua hizo (sitalitaja), wakanijibu kwa ustaarabu kabisa kwamba grupu lilikuwa la wazi, nilijua ni la wazi, na wao hawafuti historia.

Maneno yangu, jina langu, namba yangu. Ubavu wa kunikatalia wanautoa wapi?

#2 Kopo la Ubuyu
Weka linki tusome hayo maneno kwanza. Ushauri utafuata.

#3 Binti Ihumwa
Usiweke mkuu. Huyo #2 ana skrinshoti za watu tangu enzi za intaneti kafe.

#4 Mchele wa Bahi
Hujui haki zako tu. Ulaya kuna haki ya kusahauliwa. Mhispania mmoja aliwaburuza mahakamani gazeti likaamriwa kufuta habari yake ya madeni. Na wewe washtaki.

#5 Fundi Seva
Nimewahi kusimamia seva ya namna hiyo, ngoja niwaeleze kinachotokea ndani, maana wengi hudhani ni roho mbaya.

Magrupu mengi ya enzi zile yalitumia programu ya Mailman toleo la 2, na kurasa za kumbukumbu zilitengenezwa na kitu kinaitwa Pipermail. Pipermail haizipi barua majina, inazipa namba kwa mfuatano: 412, 413, 414. Barua zenyewe zote zimelala ndani ya faili moja refu la maandishi. Ukichomoa ya kwako halafu ukaamuru kurasa zijengwe upya, iliyokuwa 414 inakuwa 413, na zote zinazofuata zinasogea nafasi moja. Hapo kila linki iliyowekwa popote duniani kuelekeza kwenye jibu fulani inampeleka mtu kwenye barua ya jirani. Grupu lina barua elfu themanini, umezivuruga zote kwa ajili ya printa.

Msimamizi mwenye akili haichomoi. Anafungua lile faili, pale penye jina na namba anaweka xxxx, barua inabaki kwenye nafasi yake, linki haziguswi. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Mleta uzi, nina hakika uliomba KUFUTA. Ukisema "futa" wanasikia "vuruga". Omba wafunike jina.

Halafu kuna walionukuu. Yule Mjerumani alipokujibu alinakili barua yako yote pamoja na sahihi chini ya jibu lake, ndivyo watu walivyokuwa wakijibu. Ile ni barua yake. Nayo utaiombea?

#6 Zabibu Kavu
#5 Ahsante kwa darasa. Ni kweli niliandika "futa". Ila hilo la kunukuliwa sikuliwaza kabisa. Kwa hesabu ya haraka jina langu liko kwenye barua kama tisa, mbili tu ndizo nilizotuma mimi.

#7 Mtani Unyanyembe
Mgogo na printa wapi na wapi. Nyie si mlikuwa mnachunga tu huko, nani aliwapa umeme?

#8 Zabibu Kavu
#7 Mimi ni Mrangi, mtani. Hata kutukana umepotea njia.

#9 Joho Jeusi
#4 umechanganya, na ukichanganya hapo utapoteza watu wengi. Kesi hiyo ni ya Mario Costeja González dhidi ya Google, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 13 Mei 2014. Gazeti la La Vanguardia lilichapisha mwaka 1998 matangazo ya mnada wa mali yake kwa deni la hifadhi ya jamii. Gazeti HALIKUAMRIWA kufuta chochote. Aliyeamriwa ni Google, aache kuonyesha kurasa zile pale mtu anapotafuta kwa jina lake. Habari ilibaki palepale ilipokuwa, kilichoondolewa ni njia ya kuifikia kwa kuandika jina.

Na hapo ndipo mleta uzi anapogonga mlango usio wake. Tatizo lake halisi ni kwamba jina lake linaleta printa, kuwepo kwa barua peke yake hakumsumbui mtu. Na kinachounganisha jina na barua ni mtambo wa kutafutia.

#10 Mchele wa Bahi
#9 Matokeo si yaleyale? Jamaa hakuonekana tena, kesi imeisha.

#11 Kobe wa Kongwa
#10 Hakuonekana? Mbona wewe uko Bahi unamjua mpaka deni lake.

#12 Boda wa Area D
Hahahaaa #11 umeua.

Na mimi nina langu. Mwaka 2012 nilitangaza kiwanja Kisasa, nikaweka namba yangu na bei. Kiwanja kiliuzwa wiki ileile. Tovuti yenyewe ilikufa, lakini kuna mahali lile tangazo limehifadhiwa maana mpaka leo napigiwa. Mtu anapiga saa mbili usiku, "Kile kiwanja cha CDA bado kipo?" CDA yenyewe, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, ilivunjwa 2017! Namwambia kimeuzwa, anadhani nampandishia bei. Mmoja aliniita tapeli kwa sababu nimekataa kumuuzia kwa bei ya 2012.

#13 Kopo la Ubuyu
#12 kwa bei ya 2012 hata mimi nachukua. Nitumie namba.

#14 Mama Nkuhungu
Nyie mnacheka, wengine ni machungu. Mwaka 2011 niliandika mahali kuomba ushauri wa ndoa. Sikuweka jina. Lakini niliandika mtaa, idadi ya watoto, kazi ya mzee na gari alilokuwa akiendesha. Mtu wa hapa Dodoma akisoma mistari minne tu anatujua. Mwanangu mkubwa alikuja kuusoma uzi ule akiwa kidato cha tatu.

Niliwaandikia wasimamizi. Walibadilisha jina la akaunti yangu likawa "mwanachama aliyeondoka". Sasa nauliza, kubadilisha jina la bandia kuweka jina lingine la bandia kumenisaidia nini? Kilichotutambulisha ni ile hadithi. Kwa hiyo Fundi #5, hizo xxxx zako zinawafaa wanaume wa printa. Kwangu ilitakiwa ifutwe yote.

#15 Fundi Seva
#14 Mama, hapo sina jibu la kiufundi. Kweli kabisa.

#16 Masijala
Nimestaafu, nilifanya kazi ya kumbukumbu miaka mingi, nichangie kidogo.

Vijana mnazungumza kama vile kumbukumbu ni kuhifadhi vyote milele na kuvifungua kwa kila mtu. Masijala haifanyi kazi hivyo hata siku moja. Jalada likifungwa linakaa, baadaye linapelekwa kituo cha kumbukumbu, kama kile cha Taifa kilichopo hapahapa Dodoma. Pale kuna ratiba inayosema jalada la aina hii litunzwe miaka kadhaa kisha liteketezwe, na la aina ile liende Nyaraka za Taifa likae daima. Sehemu kubwa ya karatasi huteketezwa kwa utaratibu. Na yale yanayobaki hayafunguliwi kesho yake. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inaweka miaka 30 kabla ya umma kuruhusiwa kuyasoma.

Mtandao umepindua. Umeanza kwa kufungua kila kitu sekunde ileile, halafu ndipo watu wanaanza kubishana kama kifungwe. Sisi tulianza na kufunga. Barua ya kijana wa mwaka wa kwanza ingekuwa kwenye jalada, ingeanza kusomwa 2038, na kwa kweli isingefika huko, ingechomwa.

#17 Kobe wa Kongwa
#16 shikamoo mzee. Ila majalada ya serikali yakifungwa miaka 30 wananchi ndio tunaoumia, usilifanye jambo zuri hivyo.

#18 Masijala
Marahaba. Sijasema ni zuri, nimesema ni utaratibu. Mtandaoni hakuna hata huo.

#19 Mtani Unyanyembe
Mbona bungeni hapo kwenu mtu anaambiwa afute kauli, anasimama anafuta, yanaisha? Na mtandaoni iwe hivyo.

#20 Masijala
#19 Kufuta kauli siyo kufuta Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya maneno ya bungeni. Kaisome. Utakuta alichosema, utakuta aliyesimama kuomba mwongozo, utakuta na yeye anasema "nafuta kauli". Vyote vitatu vimeandikwa. Kafuta, na imebaki.

#21 Kobe wa Kongwa
Na ndiyo maana mimi niko upande wa maghala. Mkiruhusu kila mtu afute, wa kwanza kupanga foleni hatakuwa Zabibu Kavu wala Mama Nkuhungu. Watakuwa wagombea. Kila unapokaribia uchaguzi utaona watu wanasafisha walichoandika miaka kumi nyuma, juzi alimtukana fulani, leo anagombea kwa tiketi ya fulani. Ghala likifuta la mmoja kwa huruma, kesho litamjibu nini mwenye mawakili? Wanakataa wote ili wasilazimike kuchagua.

#22 Binti Ihumwa
#21 mimi nadhani unawapa sifa wasizostahili. Hawana falsafa yoyote, hakuna mtu ofisini. Tovuti nyingi za zamani aliyezianzisha ana kazi nyingine siku hizi, seva inalipiwa kwa kadi inayojikata yenyewe, imeli ya msimamizi haisomwi na mtu. Nilituma ombi kwa wawili. Mmoja imeli ilirudi, mwingine kimya mpaka leo. Mleta uzi kajibiwa, ashukuru.

#23 Mchele wa Bahi
#22 Na matangazo je? Uzi wa zamani unaleta watu kutoka Google, watu wanaona matangazo, mwenye tovuti analipwa. Nani afute ng'ombe anayekamuliwa?

#24 Fundi Seva
#23 Yapo ya hivyo, lakini ghala la barua za Linux halina tangazo hata moja.

Na tusisahau kuna waliochukua tahadhari. Miaka ya tisini kampuni ya Deja News ilianza kuhifadhi mijadala ya Usenet (mabaraza ya mtandaoni ya enzi hizo), watu wakapiga kelele kwelikweli, maana walizoea ujumbe unakaa siku chache kwenye seva unapotea. Ikaja desturi ya kuweka mstari juu ya ujumbe, X-No-Archive: yes, maana yake usinihifadhi. Februari 2001 Google wakainunua hazina ile, Desemba mwaka huohuo wakafungua ujumbe wa kurudi nyuma mpaka 1981. Watu walioandika wakiwa wanafunzi wakajikuta wanasomeka wakiwa maprofesa. Mstari ule ulimsaidia aliyeuweka tangu mwanzo. Na rafiki yake akimnukuu bila kuweka mstari, imekula kwake.

#25 Kopo la Ubuyu
Mkuu Zabibu wewe ungekaa kimya tu. Kuna mwanamuziki wa Marekani, Barbra Streisand, alidai milioni 500 picha ya nyumba yake itolewe, dunia nzima ikaenda kuiangalia.

#26 Fundi Seva
#25 milioni 50 za dola, 2003. Picha ilikuwa moja kati ya zaidi ya 12,000 za pwani ya California, zilizopigwa kuonyesha mmomonyoko. Kabla ya kesi ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo ni mawakili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata tovuti ikatembelewa na watu zaidi ya 420,000. Na kesi alishindwa.

#27 Kopo la Ubuyu
50, 500, sifuri tu hiyo.

Tukiachana na hayo, NIMEIPATA. UDOM, 2008, printa, Mjerumani. Umetupa kila kitu kwenye #1 mkuu, nimetumia dakika tatu. Lile neno la mstari wa pili sikujua kama lina tafsiri ya Kiingereza.

#28 Zabibu Kavu
#27 mshenzi wewe. Mods naomba mhariri #1 mtoe chuo na mwaka.

#29 Msimamizi wa zamu
Muda wa kuhariri umepita, na posti ya kwanza ikishajibiwa hatuibadilishi kwa kuwa majibu yatakosa maana. Uzi umehamishwa kutoka Teknolojia kwenda Sheria na Haki.

#30 Binti Ihumwa
Nimecheka mpaka dada wa duka kaniuliza kuna nini.

#31 Boda wa Area D
Mods wetu nao ni ghala.

#32 Joho Jeusi
Baada ya vicheko, sheria yetu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe, zizuiwe au zifutwe. Lakini angalieni kigezo: uzito wake uko kwenye taarifa zisizo sahihi. Barua ya Zabibu ni sahihi kabisa, aliiandika yeye. Kutaka kufutiwa ukweli uliochakaa ni hoja nyingine, ngumu zaidi.

Juu yake kuna Katiba. Ibara ya 16 inalinda faragha, ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa na kupata habari. Kila upande una ibara yake.

#33 Mchele wa Bahi
Basi atumie ile ya Ulaya. Aah, lakini yeye si Mzungu.

#34 Joho Jeusi
#33 Uzungu hauhusiki. Sheria ile ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza Mei 2018, inafuata pia mahali mwenye kuchakata taarifa alipo. Ghala likiwa la taasisi iliyoko Ujerumani, mkazi wa Nzuguni anaweza kuitumia. Kifungu cha 17 ndicho cha kufutiwa. Ila usome mpaka mwisho, kina milango ya kutokea: uhuru wa kujieleza, na uhifadhi wa nyaraka kwa manufaa ya umma. Ghala lolote litakimbilia mlango huo wa pili. Likiwa Marekani hata hapo hufiki.

#35 Zabibu Kavu
Kuna jambo sikulisema. Namba ile si yangu tena. Niliiacha, ikazimwa pamoja na laini nyingine zisizosajiliwa kwa alama za vidole, Januari 2020. Niliipiga juzi kujaribu. Akapokea mama mmoja yuko Manyoni, anauza mafuta ya alizeti. Ananiambia anapigiwa na watu wa nje wanaongea Kiingereza, anakata, alidhani ni matapeli.

#36 Binti Ihumwa
Kumbe mwenye haki ya kulalamika ni yule mama! Taarifa ni yake, iko hewani, na hajawahi kusikia Linux maishani.

#37 Joho Jeusi
#36 Hiyo ni hoja nzuri kuliko zote za uzi huu. Kwake yeye taarifa SIYO sahihi: inasema namba yake ni ya mtu mwingine.

#38 Masijala
Siyo sahihi leo. Mwaka 2008 ilikuwa sahihi, na barua ina tarehe juu. Kumbukumbu haiwi ya uongo kwa sababu dunia imebadilika. Kitabu cha simu cha 1985 tukichome?

#39 Joho Jeusi
Kitabu cha simu cha 1985 hakimpigishi mtu simu leo, mzee.

#40 Masijala
Kinapiga, ukikifungua. Ugumu ni kwamba kilikuwa kabatini.

#41 Nyota ya Mpwapwa
Nimekuwa nasoma tu, leo nimejiunga ili niandike. Kaka yangu alifariki 2006. Alikuwa na ukurasa wake GeoCities, tovuti iliyokuwa inawapa watu kurasa zao binafsi, aliutengeneza akiwa Dar, ana mashairi na picha za ukoo wetu, nyingine karatasi zake zilishaharibika na maji. Yahoo waliifunga GeoCities Oktoba 2009 na sisi nyumbani hatukujua hata kama kuna kitu kinafungwa. Nimekuja kuuona ukurasa ule kwenye Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani la Internet Archive, kwa sababu kuna watu hawajui yeye ni nani walinakili kurasa zile kabla hazijazimwa. Picha tatu hazifunguki, nyingine zipo. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Angeombwa asingejibu, alishakufa.

Kwa hiyo mkisema mtu lazima aombwe kwanza, wengine wetu tunabaki bila kitu.

#42 Mama Nkuhungu
#41 pole mdogo wangu. Lakini kaka yako aliweka mashairi. Mimi niliweka ugomvi wa chumbani. Haviwezi kuwa na sheria moja.

#43 Kobe wa Kongwa
#42 na nani atakaa asome mabilioni ya kurasa aamue hili shairi, huu ugomvi?

#44 Mama Nkuhungu
Aliyepata nafasi ya kunakili yote apate na nafasi ya kusoma ombi langu. Ni aya mbili.

#45 Fundi Seva
Kwa wanaouliza njia za kawaida. Internet Archive wanapokea maombi kwa imeli, na mwenye tovuti ana nguvu kuliko aliyechangia tu kwenye tovuti ya mtu. Zamani ulikuwa unaweka kwenye tovuti yako faili la robots.txt, linaloiambia mitambo isisome kurasa, nao wanaficha kurasa zako zote hata za nyuma, ila tangu 2017 walisema wanaanza kuachana na utaratibu huo. Google nao wana fomu ya kuomba namba ya simu au anwani isionekane kwenye matokeo, hiyo haihitaji uwe Ulaya. Zabibu, kwa namba anza na hiyo. Na ukifanikiwa yote, kuna wanaozoa wavuti kwa jumla kama Common Crawl, nakala ya mwaka jana hawarudi kuiparura.

#46 Zabibu Kavu
Nimetuma mbili leo. Moja kwa ghala, wafunike namba na sanduku la posta, jina waache nitalibeba. Nyingine Google. Yule mama wa Manyoni amekubali nitumie maelezo yake kwamba anasumbuliwa, na ameniuliza nitachukua madumu mangapi.

#47 Boda wa Area D
#45 hiyo fomu ya Google ya namba inapokea na matangazo ya viwanja? Jana kapiga mwingine, huyu yuko Mwanza, anataka vitatu.

#48 Kopo la Ubuyu
#46 alizeti lita tano ni bei gani huko Manyoni? Za hapa Majengo wanachakachua.